Donge Lililorudi Ngazini

Nirbhay hakulia. Hilo ndilo lililoanza. Watoto wote wanaonyolewa nywele za kuzaliwa nazo kwenye ngazi za mto Narmada, chini ya hekalu la Mama Devi, hulia hadi tumbili wa paani wakimbie. Yeye, mtoto wa miaka mitatu, alitulia mapajani mwa mama yake, akautazama mto na kucheka polepole, kama anayetaniwa na mwenzake.

"Huyu atakuwa jaji," alisema Ghasiram, kinyozi, akifuta wembe. "Wa jana aliniuma kidole. Tazameni."

"Nyoa, mzee, acha maneno," alisema Hemlata, mama wa mtoto. Kisha akamgeukia wifi yake, Kalavati. "Nawe tandaza upindo vizuri. Ukiangusha hata unywele mmoja chini, nitakudai mpaka siku ya kuni za kunichoma maiti yangu."

"Kudai unajua, wifi. Kupokea niachie mimi."

Wakacheka wote wawili. Kalavati aliacha kucheka kwanza.

Kupokea kulikuwa haki yake, kwa kuwa ndiye dada wa baba. Alikaa ngazi moja chini yao, upindo wa sari umetandazwa mapajani, na juu yake donge la unga uliokandwa. Kila kishungi kilichoanguka alikishindilia ndani ya donge. Nywele zote zilipaswa kwenda mtoni kwa mkono wake, bila kugusa ardhi. Ndivyo alivyofanyiwa kaka yake, na baba yao kabla yake.

Lakini Kalavati alikuwa na miaka kumi na mmoja ya ndoa bila mtoto. Jirani alikuwa amemnong'oneza kwamba nywele za kwanza za mvulana, zikifungwa kiunoni mwa mwanamke tasa, hufungua tumbo. Kaka yake, Devkaran, alipogeuka kupasua nazi, Kalavati alificha kiganjani kishungi cha utosini, kile kirefu kuliko vyote. Akaingia majini hadi kiunoni, akalitupa donge, na akiwa palepale akakifunga kishungi kwa uzi mwekundu chini ya sari.

"Njoo," aliuambia mto kwa sauti ndogo. "Yeyote uliye, njoo kwangu."

Saa tano walikuwa wamerudi chumbani, katika nyumba ya mahujaji. Jua lilikuwa kali, lakini chumba kilinuka tope na maua yaliyooza majini.

"Shangazi," alisema Nirbhay, "huyo mtoto ni nani?"

"Mtoto yupi, baba?"

"Huyo uliyempakata. Ana nywele ndefu. Zinachuruzika."

Kalavati akatazama mapajani. Hapakuwa na mtu. Lakini sari yake, ambayo ilikuwa kavu alipoketi, ilikuwa na doa la maji, pana kama makalio ya mtoto mdogo.

Alasiri Nirbhay alishindwa kuinua kichwa. Hakuwa na homa, alikuwa baridi. Hemlata alimfuta kipara kwa taulo, akafuta tena, akakamua taulo dirishani, akafuta tena, na maji yaliendelea kutoka kwenye ngozi iliyonyolewa na kushuka shingoni hadi mkekani, yakinuka tope, huku mtoto akivuta pumzi kwa kukoroma kama aliyezama akatafuta hewa asiipate, na kutoka pembeni, pale alipoketi Kalavati peke yake, ukasikika mguno mdogo wa mtoto anayejiweka vizuri ili alale.

Devkaran alikimbia akamleta kuhani Omkarnath, aliyeihudumia familia yao tangu enzi za babu. Mzee aliingia ameshika kitu kwenye jani. Lilikuwa ni donge.

"Limerudi ngazini, palepale mlipokaa," alisema kwa sauti ya chini. "Samaki hawakuligusa. Miaka arobaini nipo hapa, sijaona mto ukirudisha kitu." Akalipasua kwa kidole gumba. "Kishungi cha utosini hakimo. Nani alipokea?"

Kuhani aliliweka donge mkekani, akaendelea.

"Watoto wanaokufa kabla ya kunyolewa hatuwachomi. Mnajua. Tunawaweka mtoni na nywele zao. Mmoja wao ameona nywele za utoto zimezuiliwa, akazifuata. Jua likizama kabla hazijafika majini, mwenye nywele atakwenda kukaa mahali pa huyo aliyekufa, mtoni."

Mstari wa jua ulikuwa umefika ukutani, juu ya mlango.

"Wifi," alisema Hemlata. Hakupaza sauti. "Wifi yangu, nina mmoja tu."

Mkono wa Kalavati ulikuwa kiunoni. Alimtazama mtoto wa kaka yake akigeuka rangi midomoni, akautazama mlango, akamtazama mtoto tena. Ilipita pumzi moja ya Nirbhay, kisha nyingine, ndefu zaidi.

"Ninazo mimi," alisema.

Devkaran alimshika mkono wakashuka ngazi. Ndani ya maji Kalavati alipapasa fundo la uzi mwekundu, na alipokuwa akilifungua vidole vingine vidogo, vya baridi, vilikuwa vimemng'ang'ania kiunoni, vikimpapasa bila haraka kama mtoto anavyopapasa nguo ya mama yake akiwa usingizini, hata kishungi kikaponyoka, kikazunguka mara moja, kikazama. Juu, chumbani, Nirbhay alitapika maji ya kijani, kisha akalia. Alilia hadi tumbili wakakimbia.

"Umerudisha zote?" aliuliza kuhani.

"Zote, Baba."

Ilikuwa kweli. Kuhani hakumwuliza alisema nini majini.

Kesho yake walipanda basi la kurudi kwao. Hemlata hakumsemesha wifi yake, naye Kalavati alikwenda kukaa nyuma kabisa, peke yake. Walipokuwa wakivuka daraja, Nirbhay aligeuka juu ya bega la mama yake, kipara kikimetameta.

"Shangazi, mwambie asogee. Anakulowesha."

Hemlata alimfunika macho mwanawe kwa kiganja, akageuka mbele.

Kalavati hakupiga kelele. Alishika upindo wa sari yake, akayafunika mapaja taratibu, kama anayemkinga mtu na upepo wa dirishani. Kisha akaanza kubembeleza.