Jibu la Kitanda cha Tisa

Fundi wa kompyuta wa hospitali ile alikuwa mtu wa kujisikia mpaka kero. Wenzake walimwita Dirisha Moja, naye akadhani wanamsifu. Programu yake ya kuandikia iliweza kuendesha amri humo humo: anaandika amri, mashine inamjibu chini yake, hahami. Waliofungua madirisha mawili kwenye skrini, la kuandikia na la amri, aliwaita washamba.

Ila katika dirisha lile jibu la mashine lilikuwa maandishi tu, ukitaka unalifuta na kuweka lako. Basi bwana mkubwa, kila alipojibiwa kwamba nakala za akiba za kumbukumbu za hospitali zimeshindikana, alifuta "zimeshindikana", akaandika "zimefaulu", akampelekea mkuu wake, akaenda zake kunywa chai. Mwaka mzima. Fundi gani huyo?

Asubuhi moja neno alilolifuta likajirudisha, herufi moja moja, bila mtu kugusa kitufe, na chumba kikanuka nywele zilizoungua. "Hitilafu ndogo," akasema. Wajuaji hawakosi la kusema.

Akaamuru orodha ya wagonjwa. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wao wafe, alikuwa amelazwa humo, kitanda cha tisa, akisubiri upasuaji. Jibu likaja: "Kitanda cha tisa: amefariki."

Simu ikalia. Muuguzi alinong'ona, "Fundi, njoo wodini haraka. Dada yako kazidiwa ghafla, lakini bado anapumua. Anakuita."

Mtu mwenye akili timamu angekimbia. Yeye alibaki kitini, akafuta, akaandika "mzima", na neno lile likarudi, akafuta tena, jasho likimtiririka mgongoni, na nyuma ya kiti chake mtu akawa anahema, pumzi za moto zikimpiga shingoni, naye hakuthubutu kugeuka, akafuta na kuandika, akafuta na kuandika, akilia kama mtoto, mpaka neno lake likakaa.

Kuhema kukakoma. Mlango ukafunguka. Dada yake alikuwa amesimama pale na gauni la wodini, miguu mitupu.

"Mdogo wangu, nimepona," akasema kwa sauti ya chini. "Twende nyumbani."

"Dada? Umetokaje kitandani?"

"Si umeniandika mwenyewe?"

Simu ikalia tena. Muuguzi alikuwa analia. "Pole, fundi. Dada ametutoka. Niko naye hapa, nimemshika mkono. Amekuita mpaka mwisho."

"Anadanganya huyo," akanong'ona yule wa mlangoni.

Dirisha Moja alijua fika nani anadanganya. Alimwogopa yule wa mlangoni. Lakini kwenda wodini kulimtisha zaidi, kwa hiyo akakata simu, akachukua funguo zake, wakaondoka pamoja.

Marehemu alizikwa na wauguzi. Ndugu yake hakutokea. Alikuwa nyumbani, anampashia mgeni chakula.