Fomu ya Nyumba Namba Moja

“Hakuna kulala humu leo,” nilimwambia Kiriwai. “Wala kuingiza godoro.”

Alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha nyumba namba tisa, mtoto mgongoni, gari la kaka yake limejaa mifuko na sufuria.

“Shangazi, tumelala garini siku nne.”

“Najua. Leo mtalala kwenye ukumbi wa mikutano wa ukoo, hita nimeshawasha. Mzee wa humu alifia chumba cha nyuma. Kesho saa kumi jioni Bibi Materoa atakuja na watu, tutaikanyaga nyumba, tutakula. Baada ya hapo lala humu mpaka uzeeke.”

“Sawa, Shangazi. Na mimi sitaki kulala na mzee wa watu.”

Tamihana, fundi wetu, alikuwa amepiga magoti akibadilisha kitasa. Alicheka bila kugeuka.

“Msikilize huyo. Kwenye mambo ya mwiko, Ngahuia hana mchezo.”

Naitwa Ngahuia. Ninawasaidia wakazi wa nyumba kumi na sita za ukoo hapa Tokoroa: barua za serikali, daktari, ugomvi wa majirani, na miiko yetu Wamaori. Nyumba iliyofiwa hukanyagwa kwa sala, maji na miguu ya watu wengi, chumba kwa chumba, ili marehemu aende na walio hai wakae. Fomu yetu ina kisanduku chake: Nyumba imekanyagwa? Bila tiki pale, ufunguo hautoki. Mimi ndiye ninayeweka tiki.

Kiriwai alipoondoka, Tamihana alifuta mikono kwa kitambaa.

“Kikombe kimoja cha chai, Ngahuia. Miezi saba nakuletea kuni. Kibaraza chako nakijua ubao kwa ubao. Ndani sijui hata kuta zina rangi gani.”

“Nyeupe.”

“Asante kwa taarifa.”

Kisha akasema akitazama kitasa, si mimi.

“Nimepata kazi mgodini, Perth. Ndege ni Jumamosi. Tiketi nimekata, lakini naweza kuiacha. Niambie nibaki, nitabaki.”

Nilitaka kusema kitu. Nililitafuta neno kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba kigeni, nikakuta ukuta mtupu.

“Nunua kofia,” nilisema. “Kule kuna jua.”

Alinitazama, akacheka kidogo, akafunga sanduku lake la vifaa.

Alhamisi asubuhi baridi ilipasua bomba la bafuni kwangu, nyumba namba moja. Nilipoamka maji yalikuwa yameshajaa kwenye korido. Nilisimama humo pekupeku nikampigia fundi, kwa kuwa ndivyo mkazi yeyote angefanya.

Alivua viatu mlangoni, akaingia kwa mara ya kwanza. Aliangalia miguu yangu kwanza.

“Imekuwa ya bluu. Husikii baridi?”

“Hapana.”

Kisha akaona godoro langu sebuleni, nguo zangu zimepangwa kwenye maboksi, na mlango wa chumba cha kulala umezibwa kwa kiti.

“Bomba linapita nyuma ya ukuta wa chumba hiki. Sogeza kiti.”

“Huko usiingie.”

“Maji yanaingia huko.”

“Usiingie, Tamihana.”

Maji yalikuwa yanatiririka chini ya mlango ule, yanaingia alikokatazwa yeye.

“Ngahuia. Nani aliikanyaga nyumba hii?”

Mume wangu Horomona aliangukiwa na msonobari kazini msituni, miaka miwili iliyopita. Tulimzika kwao Te Araroa, pwani, mwendo wa saa tano. Mwaka jana tulirudi kulifunua jiwe la kaburi lake, kumaliza matanga, na watu wakaanza kuniambia, sasa uko huru, mwanangu. Kila mtu alijua yaliyokuwa ya kujua. Isipokuwa hili moja.

“Ndugu zake walidhani ndugu zangu wamefanya,” nilisema. “Ndugu zangu walidhani wao.”

“Na ofisini? Si kuna fomu?”

“Fomu niliijaza mimi.”

“Uliandika nini?”

“Nilitia tiki.”

Alitoka, akaingia chini ya sakafu kwa nje, akafanya kazi saa nzima. Alipotoka alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

“Miezi saba. Kumbe nabisha hodi kwenye nyumba ya mwanamume mwingine.”

“Ameshakufa.”

“Amekufa, lakini hakuna aliyemwambia aende. Jana umemzuia mama mwenye mtoto mchanga asilale namba tisa usiku mmoja. Usiku mmoja! Na wewe?”

“Nilisema nitafanya kesho yake.”

“Kwa nini hukuniambia kwamba unaogopa?”

“Siogopi. Sisikii chochote.”

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Kama ningesema naogopa, nadhani angekaa.

Alibeba vifaa vyake akaondoka. Baada ya nusu saa ujumbe wake uliingia: *Bomba liko sawa. Usifungue maji mpaka saa nane. Jumamosi naondoka.*

Nilimjibu: *Sawa.*

Nililitazama neno hilo muda mrefu. Sikuongeza la pili.

Saa kumi jioni tulikanyaga namba tisa. Bibi Materoa ana miaka themanini na moja, anaishi namba nne, na hapendi sala iingiliane na raga kwenye televisheni, kwa hiyo huanza kwa wakati. Alitangulia na bakuli la maji na kitawi cha majani, akinyunyiza pembe zote. Sisi watu ishirini tukamfuata tukikanyaga kwa vishindo, jikoni, bafuni, hadi chumba cha nyuma. Mtoto wa Kiriwai alilia, kisha akalala katikati ya sala. Tukaketi kula mifupa ya nguruwe iliyochemshwa na viazi na majani, na mkate wa kukaanga.

Nilikuwa na fomu mapajani. Nilitia tiki.

“Shangazi,” Kiriwai alisema, “ni kama mtu amefungua dirisha. Kwako ilikuwa hivi hivi?”

Alikuwa anauliza kwa wema tu. Angeweza kumuuliza yeyote pale.

“Kwangu haikufanyika,” nilisema.

Vijiko vilitulia. Bibi Materoa alikuwa na mfupa mkononi.

“Nilikuuliza wakati ule.”

“Nilikwambia ndugu zake wamefanya.”

“Ukaniambia hivyo unanitazama machoni.”

“Ndiyo, Bibi.”

Aliumaliza mfupa wake mpaka ukawa mweupe, akaufuta mdomo.

“Kesho saa kumi. Lakini mkwe wako utampigia wewe. Hilo mimi silibebi.”

Nilimpigia Mama Ripeka, mama yake Horomona, nikiwa nimesimama nje ya namba tisa.

“Mama, ni Ngahuia.”

“Mwanangu! Kuna nini?”

“Nyumba haikukanyagwa.”

“Nyumba ipi?”

“Yetu. Ya Horomona.”

Nilisikia kuku wake wakilia uani.

“Mimi nilidhani watu wako.”

“Wao walidhani nyinyi. Nikawaacha wote mdhani.”

“Kwa hiyo mwanangu bado amekaa humo.”

“Ndiyo, Mama. Ni kosa langu.”

Nilingoja anilaani. Ningeipokea laana kama nilivyopokea kila kitu, kwa kusema sawa.

“Unalala wapi?” aliuliza.

“Sebuleni.”

“Miaka yote miwili? Mgongo haukuumi?”

“Sijui, Mama.”

“Hujui,” alisema, taratibu, kana kwamba anaandika. “Nakuja. Usishike kitu chumbani.”

Kisha nilimwandikia Tamihana: *Kesho saa kumi, kwangu.* Hakujibu.

Ijumaa Mama Ripeka alifika akiendesha mwenyewe, na dada zake wawili na ndoo ya kamba wa pwani. Alinikumbatia, pua yake kwenye pua yangu, kama tunavyosalimiana. Bibi Materoa akaanza sala. Jikoni. Sebuleni, wakilizunguka godoro langu. Bafuni. Niliondoa kiti, nikashika kitasa cha chumba, nikasukuma. Mlango haukusogea. Ulikuwa umevimba kwa unyevu.

“Fundi yuko wapi?” Bibi Materoa alifoka. “Tunalipia fundi!”

“Nipo hapa, Bibi.”

Alikuwa nyuma kabisa, kwenye kibaraza, viatu mkononi. Watu walimpisha. Mama Ripeka alimpima kuanzia soksi kwenda juu.

“Na wewe ni nani?”

“Ni wa kuni, Mama.”

“Fungua.”

“Nitanyanyua tu,” alisema. “Anayesukuma ni yeye.”

Alikamata kitasa kwa mikono miwili, akanyanyua. Nikasukuma kwa bega.

Hapakuwa na kitu cha kutisha. Kitanda hakijatandikwa upande mmoja. Kikombe chenye duara jeusi la chai chini yake. Ukungu dirishani. Fulana yake ya kazi, ya rangi ya chungwa, imetundikwa kwenye kona ya kioo. Mama Ripeka aliichukua akaitia puani.

“Haina harufu yake tena,” alisema, kama anayetoa taarifa. Akaikunja.

Bibi Materoa alinyunyiza maji juu ya mto.

“Nenda, Horomona. Wenzako wanakungoja. Na huyu ana watu.”

Tukakanyaga. Miguu ishirini, thelathini. Mbao zililia. Nilingoja nilie na mimi. Sikulia. Niliona tu kwamba kile chumba ni kidogo kuliko nilivyokuwa nakikumbuka.

Wakati wa kula, Mama Ripeka alisogeza kiti karibu na Tamihana.

“Kwa hiyo kuni za barazani ni zako.”

“Ndiyo, Mama.”

“Mbichi. Zinatoa moshi tupu. Mwanaume anayetaka mke haleti kuni mbichi.”

“Sikusema nataka mke, Mama.”

“Miezi saba ya kuni si kusema? Kula kamba.”

Walipoanza kuosha vyombo, Tamihana alinifuata kwenye kibaraza.

“Tiketi bado ninayo.”

“Najua.”

“Huna neno?”

“Bado. Nikilisema leo itakuwa ni kutia tiki tu.”

Alifikiri, akaitikia kwa kichwa polepole, akavaa viatu, akaenda.

Usiku huo nililala chumbani, kitandani, Mama Ripeka ubavuni mwangu anakoroma. Nilipoamka Jumamosi mwanga ulikuwa umeingia na mgongo ulikuwa unaniuma, wote, kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Nilikaa nausikiliza. Kisha nikachukua simu.

*Bomba linavuja.*

*Haliwezi. Nimelifunga mwenyewe.*

*Njoo ulitazame.*

*Ngahuia niko Hamilton. Nusu ya njia kwenda uwanja wa ndege.*

*Njoo ulitazame, Tamihana.*

Hakujibu. Niliwasha moto kwa kuni zake; zilitoa moshi kweli. Niliweka birika. Maji yalichemka, nikaongeza mengine, yakachemka tena. Saa tano kasoro gari lilisimama nje.

Aliingia na sanduku la vifaa, soksi moja ina tundu. Alikwenda moja kwa moja bafuni, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye bomba, juu, chini, kwenye kiungo.

“Kavu.”

“Najua.”

“Umenidanganya.”

“Ndiyo. Nimezoea kudanganya kuhusu nyumba hii.” Nilivuta pumzi. “Nataka ubaki. Hilo si uongo. Sijui nitakuwa mke wa namna gani. Miaka miwili sijasikia kitu, na leo nasikia mgongo tu. Ndicho nilicho nacho.”

Alibaki amepiga magoti pale.

“Mgongo,” alisema.

“Mgongo.”

“Mwanzo si mbaya.”

Sauti ya Mama Ripeka ilitoka chumbani:

“Kama anabaki, aende akatafute kuni kavu! Na mimi nataka chai!”

Tamihana aliketi kwenye meza ya jikoni. Aliangalia kuta, akasema kweli ni nyeupe, lakini zinahitaji rangi. Nilitoa vikombe vitatu. Nilipomimina, birika liliteleza kidogo na maji ya moto yakanipata kidoleni.

“Aa!” nilisema, kwa nguvu.

Aliinuka haraka kunishika mkono. Nilimzuia kidogo, nikakitazama kile kidole kinavyokuwa chekundu. Kilikuwa kinauma sana. Kisha nikampa akishike.