Mbegu ya Mwape na Serumu ya Casimir

Mvua ya kwanza ilinyesha asubuhi. Barabara ya Kasenga ikajaa watu wenye majembe. Mwape alisikia harufu ya udongo, moyo ukamruka. Wakati wa kupanda! Lakini mume wake, Casimir, alikuwa kitandani anatetemeka kwa homa.

— Mama Jemima, Casimir alimwambia mkewe, uzisha ile mbegu ya mahindi. Banipeleke Lubumbashi, banitie serumu.

— Mbegu? Na batoto batakula nini?

— Bila serumu muntu haponake!

Ndivyo wengi wanavyoamini: hujatundikiwa chupa ya maji ya dawa mshipani, hujatibiwa. Mwaka uliopita waliuza mbuzi kwa ajili ya serumu, na walipokuwa hospitalini shamba likamezwa na majani.

Mwape akajitwika mfuko wa mbegu, roho inamuuma. Njiani akakutana na jirani yake, Mama Lombe. Huyu ni reko, yaani mtu aliyefundishwa na kituo cha afya kusaidia wagonjwa kijijini.

— We! Bantu banapanda, wewe unapeleka mbegu ku soko?

Mwape akamweleza yote.

— Rudia ku nyumba! Tumupime kwanza.

Nyumbani, Mama Lombe alimchoma Casimir kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Mistari miwili ikatokea.

— Ni malariya. Dawa yake iko hii, vidonge. Meza siku tatu, umalize yote, hata ukisikia nafuu.

— Na serumu?

— Ukitapika kila kitu, ao ukipotewa na akili, tutakukimbiza ku hospitali. Sasa unanibishia muzuri sana, nguvu iko!

Hata Casimir akacheka. Lakini Mama Lombe alipotazama uani, alipiga makofi. Chandarua kilifunika kitalu cha mboga za lengalenga, kuku wasidonoe.

— Yo! Lengalenga inagonjwaka malariya?

Aibu iliyoje! Mwape alikitoa palepale, akakifua, akakianika kivulini. Jioni wakalala ndani yake. Kitalu wakakizungushia miti.

Casimir hakubakisha hata kidonge kimoja. Homa ikashuka. Udongo ulikuwa bado umelowa Mwape alipoanza kupanda. Akasikia jembe jingine nyuma yake. Casimir!

— Polepole, Baba Jemima, nguvu haiyarudia yote!

— Niache! Mvua iko, mbegu iko, na miye niko!

Mwaka ule ghala lilijaa mpaka mlango ukakataa kufungwa. Mwape akachagua mahindi mazuri ya mbegu, akayatundika jikoni juu ya moshi.

— Hii mbegu, akasema Casimir mwenyewe, muntu asiiguse. Hata mimi nikigonjwa, muite kwanza Mama Lombe!