Kijito cha Saa Moja

Kila asubuhi, mama akiwa ameshaondoka kwenda kwenye kiwanda cha mikate, Bibi na mjukuu wake walifunga mlango na kuteremka pamoja. Mkono mmoja wa Bibi ulishika mkongojo, na mwingine ulishika bega la mjukuu. Njia yao ilikuwa nyembamba, ya saruji, ikipita kati ya kuta za nyumba za watu, na mwisho wake ulikuwa na ngazi tisa. Chini ya ngazi palikuwa na chumba chenye cherehani ya Bibi, na mbele kidogo palikuwa na shule.

Mjukuu alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Nyumbani walimwita Bi Njozi, na wala hawakumwonea. Ungeweza kumtuma chumvi akarudi mikono mitupu, lakini akiwa na habari ndefu za wingu aliloliona njiani.

Kwa hiyo, siku maji yalipotokea pale kwenye ngazi, yeye ndiye aliyeyapenda. Yalichipuka kwenye ufa wa ngazi ya tatu, taratibu, yakateremka ngazi moja hadi nyingine bila kelele. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linapenya kati ya kuta, na kila ngazi ikawa na kioo chake. Ndani ya vioo hivyo aliona anga, nguo zilizoanikwa juu, na uso wake mwenyewe ukitetemeka.

"Kijito changu," alinong'ona.

"Hicho kijito chako kitanivunja kiuno," alisema Bibi. "Waandikie watu wa halmashauri. Si mlifundishwa shuleni kupeleka taarifa kwa simu?"

"Nitawaandikia leo leo, Bibi."

Hakuandika. Alikuwa akikumbuka kila jioni, halafu akajiuliza vile vioo vitakwenda wapi maji yakizibwa, akaahirisha hadi kesho. Kesho zikawa wiki mbili. Kila asubuhi maji yalitoka, ngazi zikaanza kuota utelezi wa kijani.

Kisha siku moja mkongojo wa Bibi uliteleza. Bibi alipiga kelele, akamkumbatia mjukuu wake kwa nguvu, nao wakabaki wameegemea ukuta. Hakuumia, lakini alirudi nyumbani hatua kwa hatua, akaketi kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Sishuki tena mpaka pakauke," alisema.

Hapo ndipo palipokuwa na tabu. Mwaka uliopita Bibi alipasuliwa nyonga, na muuguzi alimwonya kwamba mguu ule ni wa kutembezwa kila siku, la sivyo utakakamaa. Mchana njia ilikuwa kavu, lakini mchana Bibi hakuwa na bega la kushika, kwa kuwa mama alikuwa kazini na mjukuu shuleni. Siku ya nne alijaribu kuinuka kitini mara mbili ndipo akasimama. Bi Njozi alimwona.

Jioni hiyo aliomba simu ya mama, akafungua ukurasa wa halmashauri. Tatizo ni nini? Maji yanavuja njiani. Liko wapi? Akaeleza vizuri njia na ngazi. Linaonekana saa ngapi? Saa moja, alijisemea, akachagua 1:00, akatuma. Alilala akiwa mwepesi.

Kesho yake jibu lilikuja: "Fundi alifika saa iliyotajwa. Njia ni kavu kabisa. Taarifa imefungwa."

Mama alisoma akatikisa kichwa. Yeye aliondoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, hakuwahi kuyaona maji yale. "Mwanangu, una hakika hukuota?"

"Mama! Hata Bibi aliteleza!"

"Bibi anaweza kuteleza hata palipo pakavu. Mguu wenyewe unaujua."

Shuleni alimweleza rafiki yake wa dawati moja, msichana mbishi ambaye darasa zima lilimwita Wakili. Wakili hakuhitaji hata kufikiri.

"Huyo fundi hakuja. Alikaa mahali akanywa chai, akaandika uongo. Mshtaki!"

Maneno hayo yalimwingia. Jioni alifungua sehemu ya malalamiko, akaandika: "Fundi wenu ni mwongo. Hakufika." Kidole kilikuwa juu ya neno "Tuma", Bibi alipouliza kutoka kitini anaandika nini. Akamsomea.

"Ulikuwapo hapo njiani kutwa nzima?" aliuliza Bibi.

"Hapana, nilikuwa shule."

"Sasa umejuaje kwamba hakufika?"

Bi Njozi alitazama yale maneno. Yalikuwa yameonekana ya kweli kabisa wakati anayaandika. Aliweka simu chini bila kutuma. Kabla ya kuwaandikia tena, alisema, ataenda kuyatazama maji yenyewe, na safari hii hatatazama vioo.

Asubuhi alisimama kwenye ngazi akiwa na daftari. Wakili alikuja kuwa shahidi, amevaa saa yake ya mkononi, ile inayoonyesha tarakimu tupu. Ngazi ya tatu ilikuwa kavu. Kulikuwa kimya, na mahali fulani juu yao mtu alikuwa akifagia. Kisha ufa ukabadilika rangi, tone moja likatoka, likafuatwa na jingine, na kijito kikaamka.

"Haya! Saa moja na dakika nne," alisema Bi Njozi akiandika.

"Saba na nne," alisema Wakili akisoma saa yake.

Wakatazamana.

"Wewe," Wakili aliuliza polepole, "kwenye simu ulichagua ngapi?"

Bi Njozi alihisi uso unawaka. Mdomo wake ulikuwa umesema moja, na kidole kikaufuata mdomo. Fundi wa watu alikuwa amekuja saa saba mchana!

Jioni alifuta malalamiko yote, akaandika taarifa mpya: "Nilikosea. Niliandika 1:00 nikimaanisha saa moja asubuhi, yaani 7:00. Fundi wenu hakukosea. Maji hutoka kwenye ufa wa ngazi ya tatu kutoka juu, na mchana huwa pamekauka, kama fundi wenu alivyoona. Bibi yangu hawezi kupita." Palikuwa na nafasi ya maelezo mengine. Alifikiri, akaongeza: "Niliyaona zaidi ya wiki mbili kabla ya kuwaambia, kwa sababu yalikuwa mazuri."

Siku ya pili yake, kabla ya saa moja, mwanamke mwenye buti ndefu na mkoba wa vyuma alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kwanza.

"Shikamoo," alisema Bi Njozi.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye maji mazuri?" Fundi alicheka. "Nilisimama hapa jua la utosini, natafuta maji kwenye ngazi zilizokauka kau! Nikasema leo nimechezewa."

Maji yalipochipuka, fundi aliinama akaugusa ufa, kisha akaeleza. Pampu ya mtaa ule hufunguliwa saa moja asubuhi, na bomba lililo chini ya ngazi lilikuwa limeachia kwenye kiungo. Pampu ikifungwa, uvujaji nao hukoma.

"Nilitaka kukushtaki," Bi Njozi alisema akitazama chini. "Niliandika kwamba wewe ni mwongo. Sikutuma."

Fundi aliinua macho. "Ungetuma, ningeitwa ofisini leo. Nina watoto wawili wanaotegemea kazi hii. Ahsante kwa kutazama kwanza."

Ngazi ilivunjwa, kiungo kikabadilishwa, utelezi ukasuguliwa kwa brashi ya waya, na saruji mpya ikaachwa ikauke siku mbili.

Siku ya tatu Bibi alishika mkongojo na bega, wakateremka. Mguu ulikuwa mzito, wakapumzika mara tatu. Kwenye ngazi ya tatu mjukuu alitazama saruji ya kijivu ambayo haikuonyesha anga wala nguo, na moyo ukamuuma kidogo. Bibi aliliona hilo.

"Sikukatazi kuota, mke mwenzangu," alisema. "Wewe uliona maji wengine walipoyaruka tu. Lakini ukiona kitu kinachoweza kumwumiza mtu, kiseme mapema, na ukiseme kama kilivyo. Na kosa likiwa lako, libebe mwenyewe, usimtwike fundi wa watu."

"Nimesikia, Bibi."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa moja." Kisha akacheka. "Yaani saba. Yaani moja!"

Bibi naye alicheka. Aliliachia bega la mjukuu, akaishuka ngazi ya mwisho peke yake.