Perege wa Siku ya Posa

"Huyo katibu aliyewaombea hilo kokoro, asimame tumwone sura!"

Aliyesema hivyo ni Agapiti, kinyozi wa sokoni Ifakara. Siku zote ni kijana mpole, ila siku hiyo mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. Nyuma yake walikaa wenzake wa ndoano, wale ambao Jumapili wakitoka misa ya kwanza huenda mtoni na mishipi yao kwa starehe tu. Walikuja mkutanoni kupinga, maana serikali ilikuwa imekiahidi kikundi cha wavuvi wavu mkubwa wa kukokota, ambao sisi tunauita kokoro. Kokoro likipita halichagui. Linazoa mkubwa na mdogo, na matope juu.

Akasimama mjukuu wangu Agnella, katibu mpya wa kikundi, kiunoni kitenge cha maua ya njano, kile kile alichonunuliwa na Agapiti.

"Ni mimi. Umeniona?"

Watu wakaguna. Nani pale hakujua kwamba posa yao ni Jumamosi?

"Agnella! Ni wewe?"

"Ndiyo mimi. Kwani nilitakiwa kuomba ruhusa kwa kinyozi?"

Vicheko. Agapiti akapaza sauti.

"Kokoro litamaliza watoto wa samaki. Mwakani utabanika nini, moshi mtupu?"

"Afadhali mimi nabanika! Wewe unavua samaki, unambusu, unamrudisha majini. Mto mzima unakucheka! Kwako huo ni mchezo, Agapiti. Kwangu mimi ndiyo unga, ndiyo sabuni, ndiyo dawa za bibi."

Bwana samaki, yule afisa uvuvi wa serikali, akagonga meza.

"Jamani, mambo ya mapenzi mkayamalizie nyumbani. Wavu unakuja Ijumaa mkaujaribu. Mkiridhika, Jumatatu mnasaini."

Jioni Agnella alichochea moto wa kubanikia huku machozi yanamdondoka, akisingizia moshi. Simu ikalia mlio wa ujumbe. Akausoma kwa sauti, maana mimi macho yangu hayaoni herufi ndogo.

"Ungeniambia mapema. Wazee wangu Jumamosi waje au wasije?"

"Mjibu," nikamwambia.

"Nimjibu nini, bibi?"

"Unamtaka au humtaka? Kama humtaka sema, mimi mke mwenzio nimchukue."

Akacheka na makamasi yake. Akaandika: "Waje. Ila watakula samaki wa kokoro."

Jibu likarudi hapo hapo: "Nitakula. Na nitasema ninachokiona kwenye sahani."

"Umemsikia, bibi? Anakuja kunitukana mbele ya wakwe!"

Ijumaa wavu ukatupwa. Wanaume walivuta kamba huku na huku wakiimba, na ulipofika mchangani kina mama wakapiga vigelegele. Ulikuwa umetuna kama mtumba wa nguo! Ponsiano, mjomba wake Agnella na mwenyekiti wa kikundi, akampa mabeseni mawili yaliyofurika.

"Kesho wakwe watashiba mpaka wasinzie," akasema.

Basi tukakaa jikoni. Nilikung'uta majivu kwenye waya wa kichanja, nikapunguza moto, nikaweka kuni za mpera ili samaki wapate rangi. Agnella akaanza kuwapanga. Walikuwa perege wa urefu wa kidole, wengine hata kidole hawafiki. Akimpanga mmoja, mwenzake anapenya kwenye waya na kudondokea motoni. Chwaa! Akimgeuza huyu, wanaanguka wale. Akatandika majani ya mgomba, samaki wakachemka wakawa uji.

"Bibi, hawa hawabaniki!"

"Naona."

"Mabeseni mawili, bibi!"

Akakaa chini, mwiko mkononi, anatazama makaa yanavyokula samaki. Nilimsogezea kigoda tu.

Jumamosi wageni wakafika, wakiongozwa na Mzee Ildefonce wa Mchombe, baba mkubwa wa Agapiti, na kofia yake ya siku kubwa. Agapiti alikaa mwisho wa mkeka, macho chini. Agnella akawasalimu kwa magoti, akaandaa. Wali ulikuwa mweupe, mchuzi wa samaki waliosalia mzito kwa nazi, ila Mzee Ildefonce akawa anasaka ndani yake kwa kidole kama mtu aliyepoteza kifungo.

"Binti, hawa dagaa mmewatoa wapi?"

"Siyo dagaa, mzee. Ni perege."

"Perege! Wamezaliwa lini, jana?"

Mkeka mzima ukacheka. Ponsiano akakohoa. Tukamgeukia Agapiti, maana hii ndiyo ilikuwa nafasi yake. Yeye akamega tonge, akala na miiba yake, akamega lingine. Agnella uvumilivu ukamwisha.

"Mbona husemi? Si uliahidi utasema unachokiona kwenye sahani?"

Agapiti akainua macho.

"Naona mtu ameamka alfajiri kunipikia. Mengine ni ya Jumatatu."

Agnella akaliweka chini jagi la kunawia.

"Mjomba, Jumatatu mimi sisaini."

"Unasemaje? Serikali itatuonaje?"

"Itatuona tumejaribu. Jana nimebanika moto, sikubanika samaki. Tuombe nyavu za macho mapana, wadogo wapite wakakue."

"Na sisi wa ndoano tutasimama na nyinyi," akadakia Agapiti.

"Wewe nyamaza kwanza! Na huko kubusu samaki hadharani ukome, unaniaibisha."

"Mimi simbusu! Namchungulia mdomoni. Perege jike hulea watoto wake mdomoni. Nikimkuta nao, namrudisha."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Mlikuwa mnacheka."

Mzee Ildefonce akavua kofia.

"Jamani, sisi tulikuja kuposa. Binti, unamtaka huyu mchungulia samaki?"

"Namtaka."

Vigelegele hivyo mpaka kuku wakakimbia.

Jumatatu bwana samaki alikuna kichwa.

"Sijapata kuona watu wanakataa cha bure!"

Lakini alilichukua kokoro lake, na ombi letu akalipeleka. Mvua zilipoisha nyavu za macho mapana zikaja, na baada ya mavuno ya mpunga wakafunga ndoa kanisani.

Jumapili iliyofuata bwana na bibi harusi walikwenda mtoni, na mimi nyuma yao na kigoda changu. Agnella ndiye aliyeanza kupata perege, mnene! Akamfungua mdomo, akachungulia, akamrudisha majini polepole.

Kijana mmoja aliyekuwa anapita na bodaboda akapiga honi.

"Hee! Na mke naye ameanza kubusu samaki!"

"Namchungulia tu!" akajibu Agnella, akimshika Agapiti mkono. "Wa kumbusu ninaye nyumbani!"