Kujuta na Kusikitika

Asubuhi ile ukumbi wa chini ulifurika wafanyakazi, wote wakiikodolea macho lifti iliyogoma. Fundi, ovaroli yake imelowa jasho mgongoni, alikuwa akibandika tangazo mlangoni. Mhazili wa ghorofa ya saba, ndani ya gauni la zambarau, viatu virefu mkononi tayari kwa ngazi, alilisoma akacheka.

"'We regret informing you.' Majuto ni mjukuu, fundi, wewe umeanza nayo asubuhi?"

"Nasikitika, dada. Lifti imeharibika."

"Basi andika 'regret to inform'. Hapo unasikitika kwa habari unayoitoa sasa. Ukiandika 'informing', unajuta kwamba uliitoa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Aelewe nini, na macho yake yalikuwa kwenye kishimo cha shavu la mhazili?

Lifti ilipona, lakini kila jioni fundi alipata sababu ya kuikagua ghorofa ya saba.

"Hii lifti yako inaumwa nini?" mhazili alimtania.

"Moyo. Kupanda inapanda, kushuka ndiyo haitaki."

Mapenzi yakakolea. Siku fundi alipomwambia kwenye simu kwamba anampenda, mhazili alivuta pumzi.

"Mpenzi, ofisi inanihamishia mji mwingine. Kesho wanataka jibu. Ukisema nibaki, nabaki."

"Kata simu, nikuandikie. Kwa Kiingereza cha ofisi, uone mwanafunzi wako alivyofuzu!"

Alitaka kumchekesha, amwandikie kama tangazo la lifti: nasikitika kukuarifu kwamba nakupenda, kwa hiyo huendi popote. Akaandika: "I regret telling you that I love you."

Mhazili aliusoma ujumbe jikoni, sufuria ikichemka mbele yake. Najuta kukuambia kwamba nakupenda. Alimfundisha tofauti hiyo kwa kinywa chake mwenyewe. Angeuliza nini tena? Akazima simu. Kesho yake aliikubali kazi. Fundi alipiga simu mpaka akachoka. Haipatikani.

Mwaka uliofuata mhazili alirudi kwa kikao cha siku moja. Mlango wa lifti ulifunguka, fundi yumo ndani, bisibisi mkononi.

"Mwalimu! Nilikuandikia nakupenda, ukanizimia simu."

"Uliandika unajuta. 'Regret telling'."

Fundi aliyarudia maneno yale taratibu, kisha akaegemea ukuta. "Nilitaka kusema nasikitika! Nilikuwa nakutania, mama!"

"Nilikufundisha mwenyewe. Nilijua unajua."

"Siku ile nilikuwa nakutazama wewe."

Lifti ilipanda. Fundi aliona pete ya uchumba kidoleni mwa mhazili.

"Lini?"

"Mwezi ujao."

Fundi alitoa kalamu, akageuza tangazo lililokuwa mfukoni, akaandika nyuma yake polepole, kama mtoto anayeogopa kufutiwa: "I regret sending it."

Mhazili alisoma. "Unajuta kuutuma," alisema kwa sauti ndogo. Kishimo cha shavuni kilijitokeza, kikakutana na chozi.

"Safari hii umepatia, fundi."

Ghorofa ya saba. Akatoka, na mlango ukajifunga vizuri kabisa, kama fundi alivyoutengeneza.