Dumu la Togwa

Vumbi la pumba liliangukia kikombe cha mteja wa Joyceline, muuza togwa. Alimgeukia mbeba gunia, kijana mweupe kwa unga kuanzia kope hadi ndala.

"Kaka, togwa yangu hawanywi kuku."

"Basi nitainywa mimi." Akatua gunia. "Naitwa Matayo, nasaga mahindi Misima."

Tangu hapo, kila alipoleta pumba za mifugo sokoni Korogwe, aliondoka na togwa midomoni. Usiku simu zilikuwa moto.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Nachekecha kimea cha togwa ya kesho. Wewe?"

"Nakuwaza mpaka mtu kaniletea mahindi ya sembe, nimemsagia dona."

Mama yake Matayo, Bernadina, alipotarajia wageni wa kwaya, Joyceline alimpa Matayo dumu la togwa ampelekee. Wanawake hao hawakuwahi kuonana, togwa ndiyo ingekuwa salamu yake ya kwanza kwa mkwe.

"Usikaze kifuniko," alimwonya Matayo. "Na inywewe leo leo, ikilala itachacha iwe pombe."

Wageni wakaahirisha hadi Jumapili. Kwa kuogopa nzi, Matayo alikaza kifuniko kwa nguvu zake zote, akaliegesha dumu kando ya injini ya mashine, penye joto.

Jumapili Bernadina alipolifungua, kifuniko kiliruka hadi darini. Povu likamlowesha gauni jeupe la kwaya, na harufu ya kilabuni ikajaa sebuleni. Wanakwaya walibaki na vikombe hewani. Mume wa Bernadina aliuawa na pombe ya mahindi. Katika nyumba ile hata neno pombe halikutajwa.

"Nani kaniletea pombe?"

Matayo alitazama sakafu. "Joyceline."

Hakuongeza neno, hata mama yake alipoanza kumtukana Joyceline. Jioni akampigia Joyceline simu, akasimulia.

"Ulimwambia kuwa ulikaza kifuniko?"

Matayo akaanza kueleza habari za nzi.

"Matayo, ulimwambia?"

"Nilishtuka, mpenzi."

"Basi endelea kushtuka." Akakata, na hakupokea tena simu zake.

Wiki iliyofuata mama mmoja aliyejifunga kitenge cha zambarau alisimama mbele ya meza ya Joyceline. Nyuma yake, Matayo na gunia la pumba. Upawa ukamponyoka Joyceline.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimiminie."

Bernadina alikunywa taratibu hadi tone la mwisho.

"Hii ni togwa. Huyu kaniambia ukweli jana, baada ya kuniacha nikutukane mbele ya kwaya nzima. Kuharibu togwa nimemsamehe. Kunyamaza, bado. Baba yake alianza hivyohivyo, kwa kuficha." Akamgeukia mwanawe. "Sema kilichokuleta."

Matayo akanong'ona kitu.

"Sisikii," alisema Joyceline. "Hapa sokoni kuna kelele kuliko mashine yako."

Matayo akapanda juu ya gunia lake. Wauza nyanya wakageuka.

"Kifuniko nilikaza mimi," alitangaza. "Joyceline hakuleta pombe. Na nataka kumuoa."

Joyceline akajaza kikombe, akampa Bernadina kwanza, kisha akamwangalia yule wa juu ya gunia.

"Posa lete nyumbani kwetu Kwamndolwa. Togwa nitapika mimi. Wewe usiiguse."